Saa Sita Zilizopotea Getini

Kuze, Mombasa

Kakangu mpenzi Hamid,

Salamu hizi zikufikie ukiwa umejifunika vyema, maana Haroun, arudiye huko kesho, atwambia Rotterdam baridi imeshaanza kuuma masikio. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ila goti lake la kulia, ambalo siku hizi hutabiri mvua kuliko redio. Tangu juzi lamsumbua, na kweli leo kumekucha na manyunyu. Sumeiya wangu amemaliza mitihani, na sasa kazi yake ni kulala na kumsomea bibi yake ujumbe wa simu. Wewe hujambo? Mkeo hajambo? Watoto tumewaona kwenye picha, mashaallah. Mama asema yule mdogo amechukua paji la uso la marehemu Baba. Mimi nasema amechukua na ukaidi wake pia, kwa vile alivyomkunjia uso mpiga picha.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Kwenye simu siwezi kuyasema haya, kwa sababu kila ukituma neno Sumeiya hulisoma kwa sauti sebuleni, na ukipiga Mama huketi ubavuni mwangu akingoja zamu yake. Haroun ndiye atakayekupa barua hii mkononi, pamoja na bizari, halua, na ile achari ya ndimu ambayo nimeifunga mara tatu. Ikivuja mlaumu yeye, si mimi. Isome ukiwa peke yako, uisome mpaka mwisho, usiruke kama ulivyokuwa ukiruka vitabu.

Wamkumbuka Nicanor, karani wa geti? Yule aliyekuja kutoka bara mwaka mmoja kabla yako kuondoka, akawa hajui kula mahamri bila kumwaga chai? Yupo. Amezeeka kwa heshima, ana miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuutafutia ule wa kwanza, na amebakisha miezi mitano astaafu. Mkewe, Rosebella, figo zimemchosha, na mara mbili kwa juma hupelekwa hospitali asubuhi. Kwa hivyo bohari letu lilipoamua kufungua geti usiku kucha, ili makontena yatoke Kilindini wakati barabara ni nyeupe, Nicanor ndiye pekee aliyeinua mkono kuomba zamu hiyo. Usiku afanye kazi, asubuhi ampeleke mkewe. Wenzake walimcheka, wakamwambia mzee wataka kuwa popo. Akawajibu kwamba popo angalau halipi nauli.

Hiyo ilikuwa karibu wiki sita nyuma. Wiki mbili zilizopita, kontena moja la nyaya za umeme lilionekana Mariakani, milango wazi, ndani hamna kitu. Polisi wakaja na swali moja tu: kontena hili lilitoka getini saa ngapi? Meneja wetu mpya, Griffins, kijana wa Nairobi mwenye haraka lakini si mtu mbaya, akaifungua rekodi kwenye skrini. Namba ya kontena ipo. Namba ya lori ipo. Jina la dereva lipo. Mahali pa saa, patupu.

Akatazama iliyofuata. Patupu. Akaniita nimtolee orodha nzima. Nilihesabu mimi mwenyewe, na wajua mimi sihesabu mara moja. Rekodi mia moja na themanini na saba, zote hazina saa. Na zote, moja baada ya moja, zimepigwa na mkono wa Nicanor. Za Kyalo, karani wa mchana, hazikukosa hata moja.

Griffins hakuhitaji zaidi ya hapo. Alisema mzee anafuta saa ili isijulikane lori zilitoka lini, na kwamba kuna watu wanamlipa kwa kufumba macho. Nicanor alipoitwa alileta jalada lenye nakala zote za pasi za geti. Alieleza kwamba printa haikuchapa saa, akadhani utepe umechoka, akaomba utepe mpya mara mbili asipewe, basi akawa anatazama saa ya ukutani na kuandika kwa kalamu. Griffins alimjibu kwamba kalamu haina ushahidi, mtu aweza kuandika saa yoyote siku yoyote. Akamwandikia barua aje mbele ya kamati Alhamisi, saa nne asubuhi, aonyeshe kwa nini asifukuzwe.

Miaka ishirini na minane, Hamid, halafu utoke kama mwizi, miezi mitano kabla ya kuagwa kwa chai na keki.

Nicanor alipita mezani kwangu akiwa na barua hiyo mkononi. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Dada Jawahir, hii mashine yenu imekuwa kama jirani mwenye adabu. Imeona yote, lakini haisemi." Tukacheka, kisha akaikunja barua, akaenda zake.

Nikakaa mbele ya mashine. Ni ile ile nyeusi, si ndogo ya mezani wala si kubwa ya benki, ile ya kati uliyokuwa ukiiita Bibi Harusi kwa vile hukaa chumba chake chenye baridi na kila mtu huiogopa. Imebadilishwa mwili mara tatu, lakini programu za zamani zimehamishwa kila mara kama vyombo vya nyumba. Nilianza na mambo mepesi. Printa: nzima. Saa ya mashine yenyewe: sawa, haikukosea hata nukta. Kibodi ya getini: nzima, ina mchanga tu na makombo ya mkate. Nikajaribu mimi mwenyewe kutoa kontena la uongo saa tano za mchana, saa ikaandikwa. Nikamwambia Nicanor ajaribu mbele yangu mchana huo huo, kwa mkono wake, kwa jina lake. Saa ikaandikwa. Basi si mkono wake, nikasema moyoni. Lakini moyo si kamati.

Nikafanya nifanyavyo ninapokwama. Nikachapa orodha yote kwenye karatasi, nikaondoka nayo. Kwa vile saa hazipo, nilitazama majirani: rekodi ya mwisho yenye saa kabla ya kila pengo, na ya kwanza yenye saa baada yake. Usiku wa kwanza, ya mwisho iliandikwa saa tano na dakika hamsini na nane usiku, na iliyorudi kuwa na saa ni ya saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi. Usiku wa pili, saa tano na hamsini na tisa, halafu kumi na mbili na dakika moja. Nyusiku zote thelathini, maana Jumapili geti hulala, ziko hivyo. Hakuna hata moja iliyopotea kabla ya saa sita za usiku, wala hata moja baada ya saa kumi na mbili alfajiri.

Saa sita kamili, kakangu. Mwizi gani hufanya kazi kwa kipimo hicho, asipunguze dakika wala asizidishe, nyusiku thelathini?

Hapo ndipo nilipoziweka karatasi chini, kwa sababu hiyo sita naijua. Nawe waijua.

Kumbuka mwaka wa tisini na saba. Kila siku geti lilikuwa na ugomvi. Ofisini wakiandika tatu kwa saa ya mashine, yaani alasiri, dereva akisoma saa tatu, akaja asubuhi akakuta kontena halijafunguliwa. Mwingine akaambiwa saa nane, karani akaandika nane, mkubwa akasoma asubuhi mapema, mtu akangojwa saa sita nzima huku kontena la samaki likinuka mpaka Shimanzi. Ndipo meneja wa wakati ule akasema anataka pasi zichapwe kwa saa zetu, za Waswahili, pamoja na neno asubuhi au mchana au usiku. Kazi akakupa wewe, kwa sababu wewe ndiwe uliyetoka chuoni na cheti, na mimi nilikuwa msichana wa kupiga data, rekodi mia tatu kwa saa.

Wajua ilivyokuwa ngumu. Mashine hiyo haijui asubuhi wala jioni. Ndani kabisa, chini ya lugha zote za juu, ina hesabu moja tu: mapigo tangu siku yake ya mwanzo, yamepangwa kwa sufuri na moja sitini na nne. Lugha tuliyokuwa nayo haikuweza kuyafikia. Ilibidi mtu ashuke mpaka chini, aseme na mashine kwa maagizo yake yenyewe, ayatoe mapigo, ayagawe, ayafanye saa, kisha aondoe sita. Ulihangaika nayo mwezi mzima. Kisha ukaja nyumbani Ijumaa moja na kile kitabu cha maelekezo umekificha ndani ya shati kama mtu aliyeiba mkate, ukaniambia hebu kitazame, wewe ndiwe unayependa hesabu.

Siku tisa. Siku tisa nilikaa jikoni na kitabu hicho, na karatasi za kufungia sukari nilizoziandika pande zote mbili, Mama akipika na mimi nikigawa. Kazini, saa ya chakula, ulikaa kwenye kiti changu ukanipigia data zangu ili mimi nikae kwenye chako. Ulikuwa ukikosea sana, na msimamizi akanikaripia mimi kwa makosa yako. Hilo sijasahau, lakini nalikumbuka nikicheka.

Siku ya kumi ilifanya kazi. Mashine ikachapa: saa nne na dakika ishirini, asubuhi. Na kwa kuwa meneja yule asingekubali hata kwa fimbo kuingiza programu ya msichana wa kupiga data, juu kabisa, pale pa mwandishi, tukaandika H. Bakhamis. Tuliandika wote wawili. Sikulazimishwa. Nasema hivyo ili usidhani nimesahau.

Lakini mengine sikuyatia mkono. Wageni waliotuuzia mashine walikuja kuikagua, wakaiona programu, wakauliza nani huyu, wakakuchukua kazini kwao ng'ambo. Baba akakaa barazani miaka kumi na moja, mpaka Mungu alipomchukua, akimwambia kila apitaye Kuze kwamba mwanawe Hamid ndiye aliyeifundisha mashine saa za Kiswahili. Mwalimu wa madrasa alilisema. Muuza kahawa alilisema. Mimi niliwatilia kahawa wakisema. Na wewe ulikuwa ukisikia kwenye simu, Hamid, na wewe ulikuwa ukicheka na kusema ni kazi ndogo tu, Baba.

Nilijifunza yaliyobaki peke yangu. Hakuna chuo kilichonifundisha wala mtu aliyenishika mkono. Leo mashine nzima ni mimi ninayeitunza. Nimefika nilipofika kwa miguu yangu, na kwa hilo sina deni na mtu. Lakini jiwe dogo ndani ya kiatu halimzuii mtu kwenda, humfanya tu akumbuke kila hatua.

Sasa rudi kwenye ile sita. Niliifungua programu, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na saba. Chukua saa ya mashine, ondoa sita. Ukipata sufuri, andika kumi na mbili, kwa sababu saa zetu hazina sufuri. Ikizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili. Basi. Geti la wakati ule lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, hakuna lori lililotoka usiku wa manane, hakuna aliyefikiria. Lakini toa sita kwenye tatu uone. Mashine ilipata namba chini ya sufuri, ikaitafuta katika orodha ya saa zetu, isiione. Na chini yake palikuwa na agizo moja, fupi, naikumbuka hata siku nilipoliandika: ukikwama, acha pengo, nyamaza, songa mbele. Niliweka hilo kwa sababu sikutaka lori kumi na nne zingoje foleni huku mashine imeganda na swali kwenye skrini.

Ikanyamaza. Mara mia moja na themanini na saba ikanyamaza, na mzee wa watu akawa mwizi.

Kosa lilikuwa limepatikana, lakini saa zenyewe bado zilikuwa hazipo, na bila saa Griffins angesema mashine ina kosa lake na Nicanor ana lake. Hapo niliikumbuka tabia moja ya Bibi Harusi. Ana daftari lake mwenyewe. Kila rekodi inapoingia, huandika pembeni ni nani aliyeiingiza na pigo la ngapi, kwa hesabu yake ya ndani, bila kumuuliza mtu. Daftari hilo hukaa siku arobaini, kisha hujifuta ili kupata nafasi. Siku ile ilikuwa ya thelathini na tano tangu usiku wa kwanza. Nilikuwa na siku tano mkononi.

Nikaandika programu nyingine, safari hii siku moja na nusu, ikayachota mapigo yote mia moja na themanini na saba. Nikayageuza kuwa saa. Kisha nikaliomba jalada la Nicanor, nikaweka saa yake ya kalamu ubavuni mwa saa ya mashine, mstari kwa mstari. Mia moja na ishirini na moja zilikuwa sawasawa, au zimepishana dakika moja. Hakuna hata moja iliyopishana zaidi ya dakika nne. Lile kontena la nyaya, mashine ilisema saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Nicanor alikuwa ameandika saa tisa na dakika kumi. Mzee mwenye miwani miwili, anayemfikiria mkewe, akitazama saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka, hakudanganya hata mara moja katika nyusiku thelathini.

Sasa, Hamid, nimefika ninapoogopa kufika. Kalamu nimeiweka chini, nikaenda kumtilia Mama maji ya kutawadha, nikarudi.

Jumanne nilipompelekea Griffins kosa lililo kwenye programu, kabla sijamaliza kuzitoa zile saa, aliniuliza swali moja: nani aliiandika hii? Jina lilikuwa pale juu kwenye skrini, analiona kwa macho yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema ni wewe.

Sikusita. Nataka ujue hivyo. Nilisema ni kakangu, alikuwa mtaalamu hapa, sasa yuko ng'ambo. Griffins alifurahi kama aliyepata mlango wa kutokea. Kosa la mtu asiyekuwepo ni kosa tamu kuliko yote, halina wa kulijibu. Akaanza kuandika taarifa yake hapo hapo, kwamba mtaalamu H. Bakhamis alifanya uzembe, na kwamba nakala itapelekwa kwa bima na kwa waliotuuzia mashine, ambao nawe wawajua nao wakujua. Mimi nikarudi mezani kwangu nikaendelea kuhesabu. Na moyoni nikasema, jina lako lilichukua sifa miaka ishirini na saba, na lichukue na lawama angalau mara moja. Lilinipendeza neno hilo. Nililirudia njia nzima, kutoka stendi nikipita Ngome ya Yesu mpaka nikaingia vichochoroni kwetu, kama mtu atafunaye ubani.

Nikamkuta Mama kibarazani na mjukuu wa jirani. Yule mtoto alikuwa akiuliza saa ngapi, na Mama, bila kujua lolote, akamwambia kwamba hata mashine za Kilindini hazikujua saa mpaka mwanawe Hamid alipozifundisha. Nikapita ndani. Nikafungua bomba nioshe uso. Na badala ya hasira yangu ya kawaida nikakuona wewe, umekaa kwenye kiti changu saa ya chakula, unapiga data kwa vidole viwili, umekosa chakula, unakosea, unacheka. Siku zote tisa hukula mchana. Hilo nililisahau kwa sababu lilinifaa kulisahau.

Nilikusingizia kwa siku mbili, kakangu. Jumanne na Jumatano. Nisamehe.

Alhamisi saa nne kamati ikakaa: Griffins, Khubaib yule mhasibu wa Kibokoni, na mama mmoja wa ofisi kuu. Nicanor alikuja na suti yake ya kanisani, na Rosebella akisubiri nje kwenye benchi. Nikaziweka zile saa mezani, za kalamu na za mashine, nikawaachia wazisome wenyewe. Walisoma mstari kwa mstari. Yule mama wa ofisi kuu akamwuliza Nicanor aliweza vipi kuandika kwa uangalifu hivyo, na Nicanor akajibu kwamba kazi yake ni kuandika saa, sasa angeandika nini, hali ya hewa? Hapo nikajua mzee amepona.

Griffins akashika taarifa yake aisome, ile yenye jina lako. Nikasimama.

Nikasema, "Programu hiyo ni yangu."

Griffins akasema, "Lakini jina linasema Hamid."

Nikamwambia, "Jina lasema uongo. Tuliliandika mimi na yeye, na kosa la kuondoa sita ni langu peke yangu."

Akataka ushahidi, na hakukosea kutaka, kwani mimi ndimi niliyemwambia vingine Jumanne. Nikaomba wafungue programu, mstari wa mwisho. Hili hata wewe hulijui. Mwishoni kabisa niliweka namba moja isiyofanya kazi yoyote, haiitwi na agizo lolote, imekaa tu: mia mbili na kumi na tano. Miaka yote ile hakuna aliyeuliza ni ya nini. Nikamwambia Khubaib, ambaye ni mtoto wa madrasa kama sisi, ahesabu jina langu kwa abjadi, kila herufi ya Kiarabu na namba yake. Akahesabu kwa vidole juu ya meza: jimu tatu, wau sita, alifu moja, he tano, re mia mbili. Akafika mwisho, akaitazama skrini, akacheka mpaka akavua kofia. Akamwambia Griffins kwamba Hamid kwa vyovyote hafiki hata mia.

Nicanor ameondolewa lawama kwa maandishi. Polisi sasa wanawatafuta wezi wa nyaya barabarani, kule waliko. Juzi Rosebella ametuletea omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na Mama, ambaye hajapata kula omena maisha yake, amekula na kuomba tena.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Ndiyo, kosa ni langu na pia nilisema uongo Jumanne, onyo ni haki yangu ingawa asante hakuna aliyenipa. Ila nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu. Imeandikwa: kwa Bi Jawahir Bakhamis, mwandishi wa programu ya saa za geti. Ndiyo karatasi ya kwanza ya kampuni kusema hivyo, na imechukua miaka ishirini na saba na kosa moja.

Programu nimeirekebisha. Ukipata chini ya sufuri, ongeza kumi na mbili. Ukikwama, sema. Na kabla ya kutafsiri saa, ihifadhi kwanza ile ya mashine kama ilivyo. Juu, pale pa mwandishi, nimeweka J. Bakhamis. Chini yake nimeongeza mstari mwingine: H. Bakhamis, aliyeleta kitabu akakosa chakula. Griffins aliuliza maana yake, nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Lililobaki ni moja. Barua ile ya onyo nimeitia katika kasha la Mama, juu ya vyeti vyako. Hati za kizungu yeye hasomi, wajua, lakini muhuri aliuona. Akaniuliza ni cheti cha nini. Nikamwambia Hamid ataeleza Ijumaa akipiga simu.

Nami nitakuwa nimeketi ubavuni mwake.

Msalimie mkeo, uwabusu watoto, hasa yule mwenye paji la uso la Baba. Mama asema uvae soksi mbili. Nicanor na Rosebella wakusalimu. Yeye asema bado anamwaga chai.

Ni mimi dadako akupendaye,

Jawahir

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na mbili, asubuhi.